Mwongozo kamili: Kupiga deiwaka na bendi ya roki iliyo kwenye ziara

Wapigaji wanaoharibikiwa kwenye kazi ya deiwaka, yaani kuziba nafasi ya mpigaji asiyekuwepo, si kwamba vidole vyao ni vizito. Wengi wametoka kwenye bendi za hoteli, za dansi au za kanisani, wanapiga usiku kucha bila karatasi, na bado onyesho la kwanza na bendi ya roki linawashinda. Sababu huwa ni ile ile. Wamejifunza nyimbo kwenye albamu, wamezijua sawasawa, halafu wamefika jukwaani na kukuta bendi yenyewe haizipigi hivyo tena. Wimbo unaofifia taratibu kwenye rekodi, jukwaani unakatwa ghafla. Nyimbo mbili zimeunganishwa bila pumzi. Mwimbaji ameshusha ufunguo (kimo cha sauti ambacho wimbo unapigwa) tangu mwaka juzi na hakuna aliyekumbuka kukwambia.

Mwongozo huu ni wa mpiga gitaa, besi, dramu au kinanda aliyeitwa kuziba nafasi ya mtu anayeumwa au aliyepata dharura ya nyumbani, na ziara inaanza baada ya siku chache. Nimechukua mifano ya ziara za gari dogo Ulaya na Marekani, iwe unaishi huko au unaruka kutoka Nairobi au Dar es Salaam.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya nyimbo kwa mpangilio wake wa jukwaani, pamoja na ufunguo wa kila wimbo
- Rekodi mbili au tatu za maonyesho ya karibuni, hata za simu ya shabiki
- Jina na namba ya meneja wa ziara, na ratiba yenye saa za kuondoka
- Pasipoti, viza au kibali kinachoruhusu kazi, na nakala zake kwenye simu
- Chombo chako, na cha akiba kama nafasi ipo
- Seti mbili za nyuzi (au jozi kadhaa za vijiti vya dramu), nyaya za akiba, tyuna, piki, mkanda wa gitaa
- Adapta ya umeme wa pedali (visanduku vya miguuni vya kubadilisha sauti ya chombo) na plagi za nchi mtakazopita
- Viziba masikio vya wanamuziki, si vya povu
- Daftari dogo, kalamu nene nyeusi, tepu ya gundi, tochi ndogo
- Nguo nyeusi zisizo na maandishi, mpaka uambiwe vinginevyo

Hizo rekodi za karibuni ndizo muhimu kuliko vyote. Bila hizo, usianze hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Uliza kabla ya kusema ndiyo

Simu ya namna hii huja kwa haraka, na mtu wa upande wa pili amechanganyikiwa. Usijibu papo hapo. Omba saa moja, kisha mpigie na maswali haya: Maonyesho ni mangapi na wapi? Mazoezi yapo au hayapo? Ninayemziba anaimba sauti ya pili? Mnapiga na kliki (mdundo wa kompyuta wa kushika mwendo) masikioni? Nyuzi mnazishusha kiasi gani? Nani analipa tiketi ya ndege na mzigo wa gitaa?

Swali la kliki lina uzito wake. Bendi inayopiga juu ya sauti zilizorekodiwa tayari haiwezi kukusubiri ukipotea, kwa sababu kompyuta haisubiri. Bendi isiyotumia kliki inaweza kuzunguka kiitikio mara moja zaidi mpaka ujipate.

Kisha karatasi. Hapa watu wanaumia bila sababu. Eneo la Schengen, yaani nchi nyingi za Ulaya zenye mpango mmoja wa kuingia, linampa mgeni wa muda mfupi siku 90 ndani ya kila siku 180, lakini ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi, na kila nchi ina kanuni yake kuhusu wanamuziki wanaolipwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 na ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku unayopanga kutoka. Uingereza iko nje ya mpango huo, kwa hiyo ziara inayovuka kutoka Paris kwenda London inahitaji ruhusa mbili tofauti.

Marekani ina kipengele kinachomgusa deiwaka moja kwa moja. Viza ya P-1 ya makundi ya burudani inataka angalau asilimia 75 ya wanakikundi wawe wamekuwa na kundi kwa mwaka mmoja au zaidi. Piga hesabu: bendi ya watu wanne inaweza kumbeba mgeni mmoja. Bendi ya watu watatu haiwezi, kwa sababu wawili waliobaki ni karibu asilimia 67 tu. Kama unatoka nje ya Marekani, mwulize meneja swali hilo siku ya kwanza.

Onyo: ukiambiwa "ingia tu kama mtalii, hawakagui", kataa. Bendi ikikamatwa itapoteza onyesho moja. Wewe utabeba rekodi ya kurudishwa mpakani kwenye kila ombi la viza utakaloandika baadaye.

Utajua umefanikiwa ukiwa na majibu yote kwenye maandishi, na hakuna hata moja linalosema "tutaona".

## Hatua ya 2: Andikianeni

Si lazima mwanasheria. Barua pepe moja yenye vipengele wazi, na jibu lao la "tumekubali", inatosha kwa kazi nyingi. Andika malipo kwa kila onyesho, malipo ya siku ya mazoezi, na malipo ya siku ya safari isiyo na onyesho. Andika posho ya chakula kwa siku. Andika kitakachotokea onyesho likifutwa ukiwa tayari njiani, na kama yule unayemziba akipona mapema.

Hicho cha mwisho watu huona aibu kukitaja, kana kwamba unamwombea mgonjwa abaki kitandani. Kitaje. Umefuta kazi zako za wiki mbili kwa ajili yao, na nusu ya malipo yaliyobaki ni ombi la haki kabisa.

Kama onyesho linarekodiwa kwa ajili ya kuuzwa, hilo ni malipo mengine, na liwe na mstari wake.

## Hatua ya 3: Jifunze onyesho, si albamu

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukiwa na siku tano, tumia nne hapa.

Anza na miisho. Sikiliza rekodi za jukwaani na uandike jinsi kila wimbo unavyokwisha kabla hujagusa chombo. Ukikosea noti katikati ya ubeti, watakaojua ni wachache. Ukiendelea kupiga wakati wenzako wamekata, ukumbi mzima unakugeukia.

Kisha viungo. Angalia kinachotokea kati ya wimbo na wimbo. Mwimbaji anaongea? Dramu zinaendelea? Gitaa linabadilishwa? Rekodi moja haitoshi kukujibu. Ukilinganisha mbili utaona kipi ni mpango na kipi kilikuwa cha siku hiyo tu.

Kisha nyimbo zinazokutegemea wewe. Zile ambazo chombo chako kinaanza peke yake, au kinabaki peke yake, zijue hata ukiamshwa usingizini. Baada ya hapo wimbo wa kwanza na wa mwisho wa onyesho. Nyingine zifuate.

Andika ukurasa mmoja kwa kila wimbo. Tumia namba badala ya majina ya kodi (noti zinazopigwa pamoja), 1 ikiwa kodi ya noti ya kwanza ya ufunguo, 4 ya noti ya nne, kama wapigaji wengi wa kanisani wanavyofanya. Ufunguo ukishushwa usiku wa onyesho, 1–4–5 inabaki 1–4–5. Ukurasa wangu wa besi unaonekana hivi:

> WIMBO WA 6. Nyuzi zote nusu noti chini.
> Dramu peke yake, mizunguko 4. Naingia na gitaa.
> Ubeti: 1–1–4–1. Kiitikio: 6–4–1–5, mara 2.
> Ubeti wa pili NUSU.
> Baada ya solo KIMYA, mapigo 2, tunarudi wote.
> Mwisho: kiitikio mara 3, tunakata kwenye neno la mwisho.
> USISIMAME. Dramu zinaendelea, wimbo wa 7.

Angalia kisichoandikwa. Hakuna noti za rifu (kipande kifupi kinachorudiwa), kwa sababu rifu iko mikononi tayari. Karatasi ni ya mambo ambayo mikono haiyajui: hesabu, ukimya, na kona, yaani pale wimbo unapogeuka kwenda sehemu nyingine.

Piga kile watu wanachokiimba, rahisisha kingine. Kila wimbo una sehemu ambayo shabiki anaisubiri: mstari wa besi unaofungua wimbo, mapigo ya dramu kabla ya kiitikio. Hiyo piga kama ilivyo, noti kwa noti, pamoja na sauti ya pedali iliyokusudiwa. Kwingine kaa chini.

Hili ni gumu zaidi kwa aliyekulia kwenye rumba au benga. Kule besi inazungumza na gitaa, inajaza nafasi, na sebene likianza ndipo mpiga besi anapong'ara. Kwenye roki ya kawaida kazi ya besi ni kushikana na dramu ya mguu na kubaki pale pale, hata kama ni noti moja kwa mizunguko minane. Uvumilivu huo ndio unaofanya gitaa lisikike kubwa. Mpiga dramu naye apunguze mapambo na aache mwimbaji apumue.

Fanya mazoezi ukiwa umesimama, kwa sauti ya juu, onyesho zima bila kusimama. Mkono unaopiga ukiwa umekaa kitandani si mkono ule ule unaopiga gitaa likining'inia kwenye mkanda. Ukikosea usirudi nyuma, maana jukwaani hutarudi.

Utajua umefanikiwa ukiweza kuimba mwisho wa wimbo wa 6 na mwanzo wa wimbo wa 7 huku unaosha vyombo, na ukimaliza orodha nzima mara mbili mfululizo bila karatasi.

## Hatua ya 4: Panga vyombo vyako kwa ajili ya safari

Uliza bendi ina nini. Amplifaya na dramu mara nyingi wanazo au zinakodishwa, kwa hiyo wewe unabeba chombo na pedali tu. Kama unayemziba yuko tayari kukuachia pedali zake, zichukue: sauti za onyesho ziko humo tayari.

Umeme: Kenya, Tanzania na Uganda plagi ni zile zile za Uingereza, na Ulaya Bara voti ni karibu zile zile, 230, ila plagi ni tofauti. Marekani ni voti 120. Soma kibandiko cha kila adapta. Kikisema 100–240 unabadilisha plagi tu. Kikisema 230 peke yake, pedali hazitawaka sawasawa Chicago, na kile cha 120 ukikichomeka Berlin utasikia harufu ya moshi kabla ya kusikia sauti.

Ndege: betri za lithiamu za akiba lazima ziende nawe ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini. Kwa mashirika ya Marekani, sheria inamruhusu abiria kuingia na gitaa kama linaenea kwenye kabati la juu na nafasi bado ipo wakati wa kupanda, kwa hiyo usiwe wa mwisho kwenye foleni. Piga picha ya namba ya chombo, beba risiti ya kununulia, na waonyeshe maafisa wa forodha wakati wa kutoka nchini ili usidaiwe ushuru ukirudi na gitaa lako mwenyewe.

Wenye vyombo vya mbao za jamii ya mpingo huuliza sana kuhusu CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Tangu mwishoni mwa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vya miti hiyo, ukiwemo mpingo wetu, vimeondolewa sharti la kibali. Usumbufu umebaki kwa mbao ya Kibrazili, Dalbergia nigra, inayopatikana kwenye baadhi ya magitaa ya zamani. Kama lako ni la hivyo, liache nyumbani.

## Hatua ya 5: Tumia zoezi moja kama yalivyo kumi

Mara nyingi utapata zoezi moja tu, labda la muda wa saa tatu. Usilitumie kupiga nyimbo nzima unazozijua. Omba mpige miisho, mianzo na viungo vyote kwanza, kwa mpangilio wa onyesho. Halafu, muda ukibaki, pigeni onyesho zima.

Mfano maarufu wa kazi hii ni wa 1964. Ringo Starr, mpiga dramu wa bendi ya Kiingereza ya Beatles, alilazwa kwa ugonjwa wa mafindofindo, na kesho yake bendi ilitakiwa kuanza ziara. Mpiga dramu Jimmie Nicol aliitwa, wakafanya zoezi Juni 3 kwenye studio ya Abbey Road mjini London, na Juni 4 alikuwa jukwaani Copenhagen. Aliweza kwa sababu alikuwa ameshapiga nyimbo zao kwenye albamu ya kuiga. Na bendi ilimsaidia: wimbo ambao Ringo ndiye huimba uliondolewa kwenye orodha.

Hilo la mwisho liombe bila haya. Kama kuna wimbo unaosimama juu ya sauti au ufundi wa yule asiyekuwepo, sema utolewe. Ni afadhali orodha fupi iliyo imara.

Onyo: usipendekeze mabadiliko ya mpangilio wa muziki, hata kama sikio lako linakwambia kiitikio kinahitaji kodi nyingine. Wameizoea hivyo kwa miaka, na wewe una siku moja.

## Hatua ya 6: Siku ya onyesho

Fika saa iliyoandikwa, si saa uliyoisikia kwenye gari. Pakua vyombo vya wenzako kabla ya vyako.

Kwenye kupima sauti, mfundi wa sauti atakuuliza unataka nini kwenye monita, spika inayokuelekea wewe jukwaani. Usijibu "kila kitu". Mpe vitu vitatu kwa mpangilio: dramu ya mguu, sauti ya mwimbaji, chombo chako. Ukijisikia wewe tu utapiga vizuri peke yako huku bendi ikienda kwingine.

Kama mnafungua onyesho la bendi kubwa, huenda msipate kupima sauti kabisa, na muda wa kubadilishana jukwaa ukawa robo saa. Panga pedali zako zikiwa zimeunganishwa tayari kwenye ubao, ili jukwaani uchomeke waya mbili tu. Bandika orodha ya nyimbo kwa tepu mahali utakapoiona taa zikizimwa, herufi kubwa kwa kalamu nene.

## Hatua ya 7: Ukiwa jukwaani

Chagua mtu mmoja wa kumtazama. Kwa besi na gitaa, mtazame mpiga dramu: bega lake huinuka kabla ya kila kona. Mpiga dramu amtazame mwimbaji, hasa mguu na mkono wenye maikrofoni.

Ukipotea, punguza sauti, kaa kwenye noti ya msingi ya ufunguo, subiri kiitikio, ingia. Uso usibadilike. Usimtazame mwenzako kwa mshangao, maana hadhira husoma nyuso kabla ya kusikia noti.

Cheza na watu, lakini usisimame mbele ya mwimbaji wala kuchukua solo isiyo yako. Na ukitambulishwa kwa jina, inamisha kichwa, tabasamu, endelea.

Utajua umefanikiwa mfundi wa sauti akikusahau. Kama hana la kukwambia baada ya onyesho, kazi imekaa.

## Hatua ya 8: Saa nyingine zote za siku

Onyesho ni saa moja na kitu. Saa zilizobaki ni gari, mafuta, kusubiri, na chumba cha watu wawili. Deiwaka wengi hawaitwi tena kwa sababu ya yaliyotokea ndani ya gari.

Uliza kiti gani hakina mwenyewe. Usishike redio. Asubuhi usianze mazungumzo mpaka waanze wao. Saidia kubeba masanduku ya fulana hata kama hazina picha yako. Wenzako wana ugomvi wa zamani, na kila mmoja atakutafuta pembeni akueleze upande wake. Sikiliza, usijibu, usipeleke.

Shabiki akikuuliza yule mwingine yuko wapi, sema "anaendelea vizuri, atarudi", basi. Afya yake si habari yako ya kutoa. Vilevile usiweke kwenye mtandao tangazo la kujiunga na bendi. Hujajiunga. Picha ya jukwaani yenye shukrani kwao na salamu kwa unayemziba inatosha.

## Hatua ya 9: Linda mwili, kuanzia masikio

Mashauri ya afya ya kazini nchini Marekani yanaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwenye desibeli 100 umebaki na dakika 15. Jukwaa la roki hupita hapo kirahisi, na onyesho lako ni refu kuliko robo saa. Vaa viziba masikio tangu zoezi la kwanza ili uzoee. Mlio unaobaki masikioni asubuhi ni dalili ya madhara, na uwezo wa kusikia ukishapotea haurudi.

Kula kabla ya onyesho, walau saa mbili mapema. Kunywa maji garini hata kama inamaanisha kuomba gari lisimame. Lala kila nafasi inapotokea. Pombe ya bure ya nyuma ya jukwaa wenyeji wameizoea. Wewe una nyimbo kumi na tano ambazo bado ni ngeni kichwani.

## Hatua ya 10: Kabidhi nafasi

Kabla ya onyesho la mwisho, andika maelezo kwa anayerudi: nyimbo zilizobadilika njiani, miisho mipya, ufunguo ulioshushwa, pedali yenye waya unaokatika. Mpelekee pamoja na kurasa zako. Akirudi bila kubabaika, yeye mwenyewe ndiye atakayetaja jina lako siku nyingine.

Rudisha kila ulichoazima kwa mkono wa mwenyewe, si kwa kukiacha kwenye gari. Futa sauti zako kwenye pedali zao na urudishe zao.

Ankara itume ndani ya wiki ile ile, kwa meneja wa ziara na si kwa mwimbaji, ukiorodhesha kila onyesho kwa tarehe na mji, siku za safari, posho ambayo hukupewa, na picha za risiti. Weka kiasi kwa sarafu mliyokubaliana kwenye hatua ya 2, na tarehe ya mwisho ya kulipwa.